Valpelline, milimani inakotengenezwa Fontina

Kutoka Torino, Italia, nilipanda basi mpaka Aosta, pale nikadaka basi lingine la kwenda Valpelline, barabara inapanda tu na juu kabisa barafu unaiona japo ni Agosti. Huku ndo kwao jibini ya Fontina na mi nilitaka niione inakotoka.

Kesho yake asubuhi na mapema nikapanda kwa miguu mpaka malisho ya juu. Ng'ombe wa aina ya Valdostana wanakaa huko kiangazi chote, mwisho wa Septemba ndo wanashushwa, si wakubwa ila wamejaa, rangi nyekundu na nyeupe, shingoni kengele. Wanakamuliwa mara mbili kwa siku na kila mkamuo unatengenezewa jibini yake, yani maziwa ya jana jioni hayachanganywi na ya leo, na ndani ya masaa mawili yawe yashaingia kazini, mabichi vilevile! Yanapashwa moto kwenye sufuria kubwa la shaba hadi nyuzi 36 hivi, yanatiwa dawa ya kugandisha inayotoka tumbo la ndama, yakiganda yanakatwakatwa mpaka yawe kama punje za mahindi alafu moto unaongezwa hadi 46 au 48. Mzee aliyekuwa anakoroga alizamisha mkono mpaka kiwiko, akachota, akaminya, akafungua kiganja kuangalia punje zinavyoachiana, akarudisha akaendelea kukoroga. Nilimwangalia mkono tu muda wote, sijawahi kuona mtu anayajua hivyo maziwa yake.

Alafu nikashuka kijijini kuona ghala, zamani lilikuwa mgodi wa shaba. Ndani ya mlima baridi nyuzi 10 hivi, unyevu, harufu ya uyoga, na jibini zimepangwa kwenye mbao hadi juu, kila moja kilo 7 na nusu mpaka 12. Leo inapakwa chumvi kesho inasuguliwa kwa brashi, hivyohivyo, na haitoki kabla ya siku 80.

Watu wengi wanaijua kwa fonduta, ile inayoyeyushwa na maziwa, siagi na viini vya mayai, tamu kweli, lakini kwangu mi kipande kitupu na mkate mweusi ndo mwisho wa maneno, laini, ina utamu wa njugu na harufu ya majani. Ukienda kununua angalia muhuri wenye mlima Cervino (ndo Matterhorn huo) juu ya ganda, na ukiona imeandikwa Alpeggio chukua hiyo, ni ya maziwa ya kiangazi kule juu.