Honi ya alfajiri: siku yangu moja na basi la Amani

Saa kumi na moja kasoro, giza totoro, naisikia honi kwa mbali. Basi limelala Kwamkoro kwenye mashamba ya chai, na sasa linakuja kona baada ya kona likiita watu. Honi ya kwanza navaa, ya pili natoka, ya tatu niwe nimeshasimama barabarani, maana dereva wetu hasubiri hata mkwe wake.

Kazi yangu ni kuongoza wageni msituni, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, huku juu wilayani Muheza. Watu wakisikia hivyo hudhani siku yangu inaanzia chini ya miti. Inaanzia kwenye basi.

Leo nina mambo matatu na konda. La kwanza, kikapu cha magimbi kwa dada yangu pale Muheza. La pili, jioni kuna vijana wawili wanatoka Tanga. Nimewaambia wapande gari za Muheza pale stendi ya Kange kabla ya saa nne asubuhi, wasije wakazembea. Konda awatafute stendi ya Muheza, awawekee siti. La tatu ni gambuti. Zangu zimepasuka, ya kulia inaingiza maji kisiginoni. Nikampa hela mkononi.

"Namba ngapi, dada?"

"Thelathini na tisa. Andika."

"Naandika wapi? Nimeshika kichwani."

Ningejua, ningemwandikia kwenye mkono.

Basi likaondoka na ndizi juu ya paa, magunia ya iliki, mama mjamzito kiti cha mbele, na mzee aliyefungwa kitambaa jichoni anayekwenda hospitali. Hapo ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Gari letu linashuka alfajiri kupeleka mazao na wagonjwa, kisha linatoka Muheza mchana, saa saba au saa nane, kurudisha watu na unga. Ni saa za mkulima. Anayetaka kutoka Tanga asubuhi, atembee msituni, arudi kulala kwake, basi hili halimfai. Ukipanda nalo mchana unafika jioni, na la kukushusha ni kesho gizani. Ramani ya simu itakwambia kutoka Muheza ni kilomita thelathini na kitu tu, na haisemi uongo. Haikwambii kwamba ni za mawe, na msimu wa vuli kama huu, ni za tope.

Njia nyingine ni bodaboda kutoka Muheza, na wapo wazuri. Ila yeyote atakayekuambia pale stendi kwamba basi la Amani limeharibika, mwangalie kwanza kama hana funguo ya pikipiki mkononi.

Saa moja na nusu nakunywa chai ya rangi yenye mchaichai na kiporo cha muhogo. Sina la kusimulia hapo.

Saa mbili niko nyumba ya wageni. Wageni wangu wa leo ni mwalimu wa jiografia kutoka Chumbageni, mkewe, na mpwa wao wa kidato cha pili. Walipanda na basi jana, na mwalimu alikuwa amemwahidi mkewe kwamba jioni watakula nyumbani. Waliposhuka saa kumi na moja jioni, mama akauliza gari la kurudi linapita saa ngapi. Konda akamjibu, "Saa kumi na moja." Mama akashukuru. Konda akamalizia, "Ya alfajiri."

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama. Mmeamkaje?"

"Marahaba binti," akajibu mwalimu, akimtazama mkewe kwa pembeni. "Wengine tumeamka salama."

Tulianza na kilima cha Mbomole. Njia inapita kwanza kwenye miti mirefu myeupe iliyonyooka, na mwalimu akaisifu. Nikamwambia hiyo ni mhesi, na huku kwetu mhesi ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni akahamia chumbani. Ililetwa na kupandwa zamani. Hondohondo wanapenda matunda yake. Wanakula, wanaruka, wanadondosha mbegu. Popote msitu ulipokatwa mbao ukabaki na uwazi, mhesi ukawahi nafasi. Mti wa kwetu unakua taratibu. Huu hauna subira.

Juu ya Mbomole, ukungu mtupu. Hili nimelizoea, ila bado naona haya, kama mwenye nyumba aliyealika watu akakuta sufuria tupu. Mwalimu ndiye aliyeniokoa. Alisimama kwenye ule ukungu akamfundisha mpwa wake: upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unakutana na milima ya Usambara, unalazimika kupanda, unapoa, unaangusha mvua. Ndiyo maana hapa hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Na kwa kuwa mvua hiyo haijakatika kwa miaka mingi mno, msitu ulibaki wakati sehemu za chini zilipokauka, kama kisiwa, na baadhi ya viumbe vyake vikabaki peke yao, havipo kwingine. Nikanyamaza nikamwachia kazi. Siku nyingine nitasema hivyohivyo.

Wakati anafundisha, mimi nilikuwa nimesimama juu ya njia ya siafu.

Gambuti nzima ingenikinga. Hii yangu ya kulia iliwakaribisha kisiginoni. Nilivua nikiruka kwa mguu mmoja, na mama, ambaye tangu jana alikuwa hajacheka, akacheka mpaka akashika mti. Kisha akapiga magoti akanitoa siafu mmojammoja kwa kucha. Toka hapo tulikuwa ndugu.

Na yeye ndiye aliyekuwa na macho. Mumewe anatazama mawingu, mama anatazama chini. Aliona iliki pembeni mwa njia kabla sijaionyesha. Aliokota tunda kubwa la kahawia, zito kama kiazi kikuu, akauliza linaliwa? Ni msambu. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda, watu huku huziokota na kuziuza. Akamwona pia sange, mnyama kama panya mkubwa mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, akipekua majani makavu. Mimi sange nakutana naye mara nyingi, lakini ni kwa sauti tu, chakachaka kisha kimya.

Kwenye jiwe lenye maji, saa tano hivi, nikawaonyesha ua dogo la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya. Mama akasema, "Mbona hili lipo kwenye vyungu huko madukani?" Ndilo. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu linalotokana na lake, na leo dunia nzima inalipanda madirishani. Wajerumani wenyewe hadi leo hulitaja kwa jina la milima yetu: Usambaraveilchen. Mama akaligusa kwa kidole, hakulichuma. Sikuwa nimemkataza bado.

Bustani ya mimea tuliipita haraka kwa sababu ya mvua. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakikusanya miti ya kila pembe ya dunia waone upi utaleta fedha. Mpwa alipenda mkwinini, mti wenye gamba linalotoa dawa ya malaria, hasa nilipomwambia utafiti wa malaria ulifanyika miaka mingi hapahapa jirani. Alilamba kipande cha gamba kilichoanguka. Nilimwonya, nadhani. Uso wake ulijikunja mpaka saa ya chakula.

Tukala wali na maharage saa nane, tumelowa. Mwalimu akauliza kama ni kweli zamani kulikuwa na treni. Kweli, ilifika Zigi, kule chini langoni, reli nyembamba kutoka Tengeni, kwa ajili ya mbao. Reli imeshang'olewa; nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, ndiyo kituo cha taarifa cha hifadhi, nao waliipita jana. Mama akaweka kijiko chini. "Yaani Mjerumani alikuwa na treni ya kumfikisha mlimani, na mimi nina basi moja?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia angalau Mto Zigi unashuka hadi Tanga kila siku bila nauli: unaingia bwawa la Mabayani, na hayo ndiyo maji anayopikia Chumbageni.

Kuanzia saa kumi kazi yangu ni kusikiliza. Mtandao hapa unapatikana kwenye jiwe moja karibu na ofisi, na kwenye jiwe hilo simu ya konda haikupatikana. Saa kumi na moja, kimya. Saa kumi na mbili giza linaingia, kimya. Wenye duka wamekosa unga, watoto waliotumiwa daftari wanauliza. Saa moja bodaboda mmoja akapita na habari: limenasa kwenye tope juu ya Zigi, abiria wanasukuma.

Nikachukua tochi. Mwalimu naye akasimama, mpwa akasimama, mama akasema habaki peke yake na popo. Tukashuka kwa miguu kulipokea.

Hiyo ndiyo ikawa matembezi bora ya siku, na sikuipanga. Vinyonga wakilala usiku hupauka, na mwanga wa tochi huwaonyesha kama vipande vya karatasi kwenye majani. Tulihesabu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mdogo kiasi cha kulala juu ya ukucha wa kidole gumba. Mpwa, aliyelelewa akiambiwa kinyonga ni mkosi, alimsogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Mama alimwita arudi, kisha naye akasogea.

Saa mbili na robo, taa mbili za njano chini kwenye kona, na honi.

Vijana wangu walishuka wamepakwa tope hadi kiunoni, wanacheka. Nikawaeleza ratiba ya kurudi kabla hawajauliza. Konda akanikabidhi mfuko akiwa hana sauti, kwa kupiga kelele za "moja, mbili, sukuma."

Nilifungua chini ya taa ya basi. Thelathini na tisa, kweli kabisa. Zote za mguu wa kushoto.

Konda akazitazama, akanitazama, akazirudisha mfukoni. "Nipe kesho," akasema, tayari amedandia mlango. "Uwe barabarani honi ya tatu."