Heri Ungekuwa Baridi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko la wiki hii ni Ufunuo 3:14-22, barua ambayo Bwana analiambia kanisa la Laodikia kwamba si baridi wala si moto, ni vuguvugu, naye atalitapika. Najua mnalijua. Mimi nilidhani nalijua pia, maana nimelihubiri si chini ya mara nne, na mara zote nne nilitoka jasho.

Tulikuwa watatu kwenye gari: mimi, mke wangu, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye magoti yamemsumbua miaka mingi. Tulikuwa tunazunguka magharibi ya Uturuki, tukiyafuata yale makanisa 7 yaliyoandikiwa barua, kwa mpangilio ule ule wa kitabu cha Ufunuo: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, na mwisho kabisa Laodikia. Ukiyatia alama kwenye ramani utaona hayakutajwa ovyo. Ni njia ya mjumbe mwenye barua mkononi: anapanda kaskazini kutoka Efeso, kisha anageuka na kushuka kusini-mashariki mpaka bonde la mto Liko.

Siku hiyo ya mwisho tuliondoka asubuhi Alaşehir, ndiyo Filadelfia ya zamani. Upande wa Sarayköy mke wangu akaona mvuke mweupe unapanda mbali, akadhani ni moto wa nyasi. Si moto. Hapo Kızıldere ndipo Uturuki ilipojenga mtambo wake wa kwanza wa umeme wa jotoardhi, ulioanza kazi mwaka 1984. Ardhi ya bonde lile imevutwa na kupasuka, maji ya mvua yanazama kwenye nyufa hadi chini kabisa, yanapashwa na miamba, yanarudi juu yakiwa na moto ambao hayakuwa nao yaliposhuka. Shangazi alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema, "Kumbe wanapikia maji ya Mungu." Akarudi kusinzia.

Hatukuanzia Laodikia. Tulianzia ng'ambo ya bonde, Hierapoli, kwenye zile chemchemi ambazo leo zinaitwa Pamukkale, maana yake ngome ya pamba. Na kweli, ukiwa mbali unaona kilima kimefunikwa kitu cheupe, unajiuliza kama ni theluji au ni pamba iliyoanikwa. Ukifika unavua viatu. Ni lazima, ukijisahau mlinzi anakupigia filimbi mbele ya watu wote, na mimi nilipigiwa.

Acha niwaeleze ule weupe ni nini, maana nilikaa nao muda mrefu. Maji yanatoka chini yakiwa na joto kama la nyuzi 35, yamebeba chokaa iliyoyeyuka humo, na hewa ya kaboni dioksidi imefungiwa ndani yake. Yakifika juu, ile hewa inatoroka, na chokaa inakosa cha kuishikilia. Inaanguka. Mwanzoni ni laini kama uji mzito. Nilitumbukiza mguu nikahisi utelezi mweupe unapita kati ya vidole. Baadaye inakauka na kuwa jiwe, tena jiwe la kukwaruza nyayo. Ukingo unajengeka taratibu, maji yanatuama nyuma yake, yanafurika, yanajenga ukingo mwingine chini. Ndiyo ngazi zile za mabeseni unazoziona kwenye picha. Mwaka 1988 mahali hapa, pamoja na magofu ya mji, palitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Shangazi alivuta sketi kidogo, akakaa kwenye kingo za mfereji pale juu, akatia miguu. Akafumba macho. Mimi nikashuka ngazi hadi mabeseni ya chini nipige picha, na huko nikagundua jambo dogo: maji yalikuwa yamepoa. Maji yale yale. Yametembea tu juu ya jiwe, mbali na shimo yalipotokea.

Nikafurahi, wapendwa, nisiwafiche. Nikajiambia hubiri la tano limepatikana: kaa karibu na chanzo, usipoe, uwe moto! Nikapanda mbio kumweleza shangazi.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila kufumbua macho, "Mwanangu, lile hubiri lako la moto na baridi nilikuwepo. Nilikaa benchi la pili."

Hakuongeza kitu, wala hakuwa na haja. Nilikumbuka. Shangazi ni mtu ambaye hapazi sauti katika maombi. Hakuna aliyewahi kumwona ameanguka, wala amelia kwa kelele, wala ameruka. Siku ile nilikuwa nimesema mimbarani kwamba wapo watu wamekaa kanisani miaka 30 ni baridi kama barafu, na nilipokuwa nasema nilitazama upande wake. Sikumtaja. Lakini kanisa lote lilijua macho yangu yalikuwa wapi.

Mke wangu, ambaye ana kipaji cha kuokoa hali, akapendekeza tukaone magofu.

Hierapoli ulikuwa mji wa watu kuja kuoga wapone. Ni wazi si wote waliopona: njia ya kutokea mji upande wa kaskazini imepakana na mojawapo ya makaburi makubwa ya kale katika nchi ile, zaidi ya 1,000 kwa hesabu. Lakini kilichonishika ni mahali pengine, tundu lenye kizingiti cha jiwe, walilokuwa wakiliita mlango wa kuzimu. Ufa ule ule wa ardhi unaotoa maji ya kuponya unatoa hapo gesi ya kuua. Mwanajiografia wa kale Strabo aliandika kwamba alirusha shomoro ndani wakafa papo hapo; ng'ombe dume walioingizwa walianguka, ila makuhani matowashi waliingia na kutoka wazima, na watu wakastaajabia nguvu zao. Strabo mwenyewe alishuku walikuwa wanabana pumzi. Watafiti wa siku zetu wamepima na kukuta sababu nyingine pia: gesi ile ni nzito kuliko hewa, inalala chini karibu na ardhi. Pua ya ng'ombe iko humo ndani ya gesi. Pua ya kuhani aliyesimama wima iko juu yake.

Nilisimama pale nikajiona. Mtu anayejua kusimama penye kimo kinachofaa, akabana pumzi, akatoka mbele za watu wakasema ana moto. Sisemi kila mwenye sauti ni kuhani wa Hierapoli, la. Nawajua watu wa kelele ambao Mungu anawatumia kweli kweli. Najisema mimi.

Mchana tukavuka bonde kwenda Laodikia. Si mbali, ni kama kilomita 10. Ukisimama kwenye barabara yake ya nguzo na kutazama kaskazini, unaiona Pamukkale nyeupe kabisa ubavuni mwa kilima. Watu wa kanisa lile waliiona kila siku ya maisha yao. Walijua maji ya moto ni nini na yanafaa nini.

Ulikuwa mji wenye fedha. Mwaka 60 tetemeko la ardhi liliuangusha, na mwanahistoria Tasito anasema ulijijenga tena kwa mali yake wenyewe, bila kusaidiwa na Rumi. Ukisoma hilo halafu ukasoma "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu", unasikia lafudhi ya mji mzima. Kitu kimoja tu hawakuwa nacho cha kuwatosha: maji. Waliyaleta kwa mabomba kutoka chemchemi za mbali. Na hapa nisahihishe kitu ambacho nami nilikihubiri kwa ujasiri: kwamba mabomba yalileta maji ya moto kutoka Hierapoli yakafika vuguvugu. Mabomba yaliyochimbuliwa yanatoka upande wa pili kabisa, kusini, huko ulipo mji wa Denizli wa leo. Lile la Hierapoli nilikuwa nimelisikia kwa mtu, naye kwa mtu.

Mabomba yenyewe bado yapo. Karibu na mnara wa kugawia maji kuna ya udongo wa kuchoma, na ndani yake chokaa imejijenga duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa. Moja nililiinamia: nafasi iliyobaki katikati ingepitisha kidole, labda viwili. Hakuna aliyeliziba. Ni maji yenyewe, yakipita kila siku, yakiacha kidogo.

Tukakaa kivulini tukafungua Ufunuo, mke wangu akasoma: "Nayajua matendo yako, ya kuwa hu baridi wala hu moto, ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto."

"Rudia hapo," akasema shangazi.

Akarudia. *Heri kama ungekuwa baridi au moto.*

"Sasa, baba," shangazi akanigeukia, na anaponiita baba badala ya mwanangu najua jambo ni zito, "hilo la baridi, Bwana analitukana wapi?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, nikiwa na kitabu mkononi. Nilikuwa nimefundisha kwamba moto ni mwenye bidii, baridi ni aliyekufa kiroho, na vuguvugu yuko katikati. Lakini Bwana hapangi ngazi tatu. Anataja mawili kuwa ni heri, anakataa moja. Je, Bwana angemtakia mtu afe kiroho, aseme ni heri? Na ni Bwana yule yule aliyesema kwamba amnyweshaye mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji ya baridi hatakosa thawabu yake. Hakusema maji ya moto. Mithali nayo inafananisha habari njema kutoka nchi ya mbali na maji ya baridi kwa mwenye kiu.

Halafu ukumbuke bonde lenyewe. Kaskazini, Hierapoli: maji ya moto, ya kuoga mwenye maumivu. Mashariki, chini ya mlima Honaz wenye theluji wakati wa baridi: Kolosai, na maji ya baridi. Wapo wafafanuzi wanaoyasoma maneno ya Bwana kwa jiografia hiyo, na baada ya kusimama pale sioni namna ya kuyasoma vingine. Moto unatibu. Baridi inaburudisha. Vuguvugu linatapikwa kwa sababu halimfai aliyeumia wala aliyechoka. Kosa la Laodikia halikuwa upungufu wa kelele. Lilikuwa kutomfaa mtu yeyote huku wakijiona wametosheka.

Nikamwangalia shangazi. Nikawaza ni vitanda vingapi vya wagonjwa amekaa pembeni yake usiku, bila neno, akibadilisha kitambaa cha kichwani. Mjane wa mtaani kwetu alipofiwa, sisi tulikwenda na vipaza sauti tukakesha tukiimba. Shangazi alikwenda asubuhi, tulipokwisha kuondoka, akaosha vyombo. Nimewahi kumwombea mtu huyu *apate moto*.

Nikamwomba radhi pale pale, juu ya lile jiwe. Nilitaka kuifanya iwe hotuba, mke wangu akanikanyaga mguu, nikaifupisha. Shangazi akasema, "Yamekwisha." Akauliza kama Kolosai iko mbali, maana Epafra, yule mtumishi wa Kristo, naye alikuwa mtu wa huko. Kweli, Paulo anamshuhudia katika Wakolosai 4 kwamba alikuwa na juhudi nyingi kwa ajili yao, na kwa walioko Laodikia, na walioko Hierapoli. Mtu mmoja, miji mitatu, maji ya moto na maji ya baridi, na habari zake zinakaa katika mistari miwili mitatu tu.

Kabla ya kuondoka tuliomba. Mimi nilianza kwa sauti yangu ya kawaida, nikaishia katikati, maana niliona aibu. Tukamalizia kimya, na kwa mara ya kwanza sikupima kimya kile ni cha muda gani.

Kolosai hatukukuta cha kuona. Kilikuwa kilima cha nyasi ambacho mji wake ulikuwa bado umelala chini, vipande vya vigae huku na huku, na kibao. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimesahau kununua maji. Ile chupa tuliyokuwa nayo ilishinda kwenye dirisha la gari tangu asubuhi. Nilipiga funda moja nikalitema.

Njiani, upande wa Honaz, palikuwa na bomba la jiwe kando ya barabara, maji yanatiririka mchana kutwa kutoka mlimani, na wenyeji wawili wamepanga foleni na madumu yao. Shangazi alishuka kwa shida, goti moja kwanza, kisha jingine. Akaimwaga ile chupa yote chini, akaisuuza, akaijaza, akarudi nayo ikitoa jasho kwa nje. Nilipofungua mdomo nianze kusema kitu kuhusu Ufunuo 3, akanisukumia chupa kifuani.

"Kunywa kwanza," akasema.