Betri ya pikipiki: imekufa au ina njaa tu?

Unabonyeza selfu ya kuwashia injini, relei (swichi ya umeme ya selfu) inalia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Kijiweni hukumu hutoka papo hapo: "Betri imekufa, kanunue nyingine." Hukumu hiyo ni ya haraka. Betri nyingi zina njaa tu, na ukifunga mpya bila kujua kwa nini ya kwanza ilikosa chaji, baada ya wiki chache utarudi dukani kwa ugonjwa uleule.

Kifaa kinachotakiwa ni kimoja: mita ya dijitali, hata ile ya bei chee ya kwenye maduka ya spea za redio. Iweke kwenye DC volti 20. Pima asubuhi kabla hujawasha, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukipima mara tu baada ya safari utaona namba kubwa inayokudanganya, maana hiyo ni chaji ya juujuu ambayo hushuka ndani ya saa chache. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Kwa hiyo 12.6 hadi 12.8 imeshiba, 12.2 imebaki nusu, 11.8 ni tupu. Ukiichaji usiku kucha, ikapumzika, na bado inasoma 10.5, piga hesabu: chumba kimoja kimeanguka. Hiyo ndiyo iliyokufa, usipoteze muda nayo.

Sasa acha mita ilipo, bonyeza selfu uangalie namba. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.5 hivi. Kama imeanza na 12.6 kisha ikaporomoka hadi 7, sahani za ndani zimeganda sulfeti, yaani zile chembe nyeupe zinazojengeka betri ikikaa bila chaji kwa muda mrefu. Volti inaonekana, nguvu hakuna. Lakini ikiwa namba haitikisiki, iko 12 na ushei huku selfu haizunguki, betri haina kosa. Tafuta waya uliolegea, relei au mota ya selfu yenyewe.

Hapa kuna kosa dogo linalowachosha wengi. Gusisha ncha za mita kwenye risasi ya betri yenyewe, kisha kwenye kichwa cha waya kilichofungwa juu yake, huku mwenzako akibonyeza selfu. Namba zikitofautiana, tatizo liko kwenye maungio. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Unga mweupe au wa kijani osha kwa magadi soda na maji ya uvuguvugu, ukihakikisha hayaingii ndani ya vyumba. Kausha, kaza, paka mafuta ya mgando. Kurudisha: chanya kwanza, hasi mwisho.

Betri ikiwa nzima lakini inaisha kila mara, pima chaji. Washa injini, vuta mafuta hadi mwendo wa kati, soma mita kwenye betri. Inatakiwa 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti ya chaji) imeharibika, na dalili zake utakuwa umeshaziona: maji ya betri hukauka upesi, balbu huungua mfululizo. Isipofika hata 13, usikimbilie kununua regyuleta. Chomoa soketi yake kwanza uiangalie. Plastiki iliyogeuka kahawia au pini iliyoungua ndiyo huwa mchawi mara nyingi. Soketi ikiwa safi, nenda kwenye koili ya chaji, ile iliyo ndani ya kava la magineti. Kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano, zichomoe, weka mita kwenye omu, pima mbili mbili. Vipimo vyote vitatu vilingane na viwe vidogo, kama omu 1 au chini yake. Kisha pima kila waya na bodi: mita isionyeshe mawasiliano yoyote. Ikionyesha, koili imeungua, inahitaji kusukwa upya au kubadilishwa.

Kuna wakati kila kitu ni kizima na bado betri inalia njaa. Angalia ulichokiongeza. Taa kubwa ya wati 35 inakula karibu ampea 3. Ukifunga spotlaiti tatu za wati 20, hizo ni ampea 5 nyingine, na bado redio na chaja ya simu. Koili ya pikipiki ndogo haina uwezo huo, hasa ukiwa umesimama kwenye foleni injini ikinguruma taratibu. Washa vyote, pima. Ikisoma 12.3 injini ikiwa inawaka, unakula akiba.

Mwizi mwingine hufanya kazi ukiwa umelala. Zima swichi, fungua hasi, weka mita katikati ya waya na betri, uanze na tundu la ampea 10, ukiona ni kidogo ndipo uhamie miliampea. Usiguse swichi wala selfu wakati huo, fyuzi ya mita itakatika. Miliampea 1 au 2 si neno. Kwenye bodaboda za mkopo zilizofungwa GPS, kifaa cha kufuatilia chombo kilipo, utakuta zaidi. Tuseme ni 20: betri ya Ah 5 (ampea-saa, yaani ampea 5 kwa saa moja) inamalizika kwa saa 250, siku kumi hivi. Mwenye chombo hatakubali uichomoe, kwa hiyo pikipiki ikilala wiki nzima, ichaji.

Kuchaji nako kuna adabu yake. Soma jina la betri: 12N5-3B ni ya volti 12, Ah 5. Kiwango salama ni sehemu moja ya kumi ya hizo Ah, yaani ampea 0.5. Kutoka nusu hadi kujaa itachukua kama saa 6. Chaja ya gari inayosukuma ampea 5 au 10 itaichemsha na kupinda sahani. Fungua vifuniko kama ni betri ya maji, kaa mbali na moto na sigara, maana gesi inayotoka hulipuka.

Na hilo neno "maji ya betri" limeua betri nyingi, kwa sababu dukani linaweza kumaanisha asidi. Kinachokauka ni maji, asidi hubaki ndani. Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, kati ya mistari ya LOWER na UPPER. Asidi huwekwa mara moja, betri ikiwa mpya. Betri iliyofungwa kabisa usiibandue kitu.

Betri mpya ya kumwagiwa asidi isifungwe hapohapo ukaondoka. Toa kwanza kizibo cha mdomo wa kupumulia, la sivyo itavimba. Mwaga asidi, subiri nusu saa, angalia kimo, kisha ichaji kwa ampea 0.5 kwa saa 5 hadi 10. Ukiruka hatua hii, haitajaa vizuri maisha yake yote. Mpira wa kupumulia usibanwe na kiti, na uelekee chini, mbali na mnyororo.

Pikipiki inayokaa bila kazi fungua hasi, na ichaji angalau mara moja kwa mwezi. Kwenye joto la pwani fanya mapema zaidi, maana joto humaliza betri hata ikiwa haijaguswa. Pasipo na umeme, paneli ya sola ya wati 10 inatoa ampea 0.5 hivi jua likiwaka sawasawa, ila ipitishe kwenye kidhibiti chaji. Paneli ikiungwa moja kwa moja hupandisha volti kupita 15, na hapo unarudi kulekule kwa regyuleta mbovu.