Kikao cha ukoo na kalenda ya mwezi

Naishi Hamburg, na nyumbani Mwanza kukiwa na jambo, kazi ya kupanga kikao cha simu huangukia kwangu. Wengi wetu huku hutuma ujumbe mmoja tu: "Jumamosi saa kumi jioni, wote muwepo." Wakikosekana watu, tunaanza kulalamika kwamba wa nyumbani hawajali muda. Hapo nawatetea ndugu zangu kwa moyo wote.

Kaka zangu wanavua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikitawala, mwanga wa taa unakosa nguvu ya kuwavuta, basi wavuvi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala na familia zao. Siku hizo ndizo za posa, vikao vya harusi na kesi za mashamba. Ukiwaita wakati wa giza, saa kumi jioni wako mwaloni, ufukweni kwenye mitumbwi, wanajaza mafuta ya mashine, na simu zimeshafungwa kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Nani atajadili mahari hapo? Ndiyo maana natazama mwezi kwanza, tarehe baadaye.

Mjomba wa Geita mambo yamemnyookea. Miaka yote akija mjini kauli yake ilikuwa, "Nikishavuka nitakupigia," kwa sababu foleni ya kivuko pale Busisi haikuwa na saa. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, la takriban kilomita 3, linampitisha mpaka Kigongo bila kushuka kwenye gari. Sasa anataja saa na anaifikia. Shangazi wa Ukerewe bado anasubiri chombo, na ziwa likichafuka simlaumu hata kidogo.

Tena wanaohamahama saa ni sisi. Ujerumani inasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Tanzania haisogezi. Kiangazi tunapishana saa 1, baridi saa 2. Kwa hiyo kwenye kundi naandika saa ya Mwanza peke yake, wa huku kila mtu apige hesabu yake.

Kikao kijacho ni cha mahari ya mpwa wetu, na nimekiweka Jumapili ya mbalamwezi. Wenye zamu za wikendi, ombeni ruhusa kazini mapema, maana tukiikosa hiyo, kaka zetu wanarudi ziwani na tutasubiri mwezi mwingine.