Billy Lee Riley na santuri namba 277

Anayetaka kumjua mwimbaji Billy Lee Riley aanze na Sun 277, yaani santuri namba 277 ya kampuni ya Sun ya Memphis. Upande mmoja ni "Red Hot", wa pili "Pearly Lee", na ilitoka Septemba 1957. Riley anamsifu msichana wake kwa sauti iliyokwaruza kama koo lililopigwa msasa, na kila akisifu, wenzake studioni wanamjibu kwa kelele kwamba si lolote si chochote. Kwangu mimi, katika rokabili (rock and roll ya mwanzo iliyochanganya kantri na bluzi) yote iliyorekodiwa Memphis, hakuna wimbo ulioimbwa kwa moto kuuzidi huu. Hata hivyo haukuingia kwenye chati ya taifa. Kipaji kilikuwepo tele. Kilichokosekana ni fedha.

Riley alizaliwa Pocahontas, Arkansas, tarehe 5 Oktoba 1933, katika familia iliyolima ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana naye mavuno. Harmonika na gitaa alivipata kwa wakulima Weusi aliokua nao mashambani, ndiyo maana akiimba bluzi husikii mtu anayeigiza. Alirekodiwa kwanza na mtayarishaji Jack Clement. Clement alipompelekea Sam Phillips, mwenye Sun, utepe ili utengenezewe sahani ya awali, Phillips aliununua, kisha akamwajiri na Clement mwenyewe. Hapo ndipo ilipotoka Sun 245, "Trouble Bound" na "Rock with Me Baby", mwaka 1956.

Sun 260, "Flyin' Saucers Rock and Roll" ya mapema 1957, ndiyo iliyoipa bendi jina la Little Green Men. Gitaa ni Roland Janes, dramu ni J.M. Van Eaton, besi ni Marvin Pepper, na piano ni Jerry Lee Lewis, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kabisa pale. Kundi hili likageuka kuwa bendi ya nyumbani ya Sun, iliyowapigia waimbaji wengine wa kampuni. Janes na Van Eaton ndio wanaosikika kwenye "Whole Lotta Shakin' Goin' On", wimbo uliompandisha Lewis juu. Inauma kidogo: vijana wa Riley walisaidia kumjenga mtu ambaye baadaye alimfunika Riley.

Tatizo la fedha lilikuwa hivi. Kampuni ndogo ililipa kiwanda cha kutengeneza santuri kwanza, kisha ikasubiri wasambazaji walipe baada ya miezi, na zisizouzwa zingeweza kurudishwa. Wimbo ukianza kushika moto katika miji kadhaa kwa pamoja, kampuni ilihitaji maelfu ya nakala kabla senti moja haijarudi. Nyimbo mbili za namna hiyo kwa wakati mmoja zingeweza kuifilisi. Phillips alikuwa na "Great Balls of Fire" ya Lewis, Sun 281, akaipa nguvu zake. Tena Bob Luman naye alikuwa ametoa "Red Hot" yake kupitia kampuni ya Imperial, kwa hiyo nafasi ya redioni ikagawanyika. Riley alisimulia kwamba alipojua santuri yake imewekwa kando, alilewa akaanza kuvuruga studio, mpaka Phillips akamtuliza kwa maneno matamu. Alibaki, akatoa santuri nyingine, lakini upepo ulikuwa umeshapita.

Wanaojaribu kuipata sauti ile leo hukosea zaidi kwenye mwangwi. Katika studio ya Sun, 706 Union Avenue, mwangwi ulitoka kwenye mashine ya pili ya utepe: sauti inarekodiwa na kichwa kimoja cha mashine, inasomwa na kichwa kinachofuata, kisha inarudishwa kwenye mchanganyiko. Vichwa vikiwa inchi 2 mbali, na utepe ukienda inchi 15 kwa sekunde, ucheleweshaji ni kama milisekunde 133. Kwenye programu ya kurekodi weka milisekunde 130 hadi 140, rudio moja tu, chini kidogo ya sauti yenyewe. Ukiongeza marudio, maneno yanapandana na dramu inapoteza ukali wake. Ukiongeza mwangwi wenye mkia mrefu, unapata pango, na Sun haikuwa pango. Kata pia sauti nyembamba za juu kwenye rudio, maana utepe wenyewe ulizififisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Riley alihamia Los Angeles, akawa mpiga harmonika wa studio, kisha akarudi Arkansas kufanya kazi ya ujenzi. Robert Gordon na Link Wray waliporekodi "Red Hot" upya mwaka 1977, watu wakaanza kumtafuta mwenye wimbo. Hapo ni haki kumtaja Billy "The Kid" Emerson, aliyeutunga na kuurekodi Sun mwaka 1955. Mwaka 1992 Bob Dylan alimwalika Riley kwenye maonyesho yake. Alifariki Jonesboro tarehe 2 Agosti 2009.

Unayeiwinda Sun 277 ya awali, iinamishe chini ya taa. Zilizotoka kiwanda cha Plastic Products cha Memphis zina vibonyeo vitatu vya mviringo kwenye eneo la lebo, vilivyoachwa na mashine. Usiviamini kwenye picha ya lebo tu, kwani vinaweza kuwa vimechapishwa kutoka nakala halisi. Pitisha kidole, bonde lazima lisikike.