Nilivyoipunguza fosforasi katika majitaka ya kiwanda cha minofu

Nilikabidhiwa mtambo wa kusafisha majitaka wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, wakati majibu ya maabara yalikuwa yamerudi mara tatu mfululizo yakionyesha fosforasi ya miligramu 14 kwa lita, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kanuni zetu za mazingira ni miligramu 6. Vipimo vingine vyote vilikuwa vizuri. Maji yaliyotoka yalikuwa maangavu na hayakunuka, na mtu angeyatazama ndani ya glasi asingeona kasoro yoyote, kwa kuwa fosforasi iliyoyeyuka haina rangi wala harufu. Huonekana baadaye, ikishafika ziwani, katika mwani unaotanda juu ya maji na magugumaji yanayoziba mialo. Ziwa hilo hilo ndilo tunalolinywa mjini.

Nilianza stoo. Baadhi ya sabuni za kuoshea meza za kukatia samaki zilikuwa na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, tukazibadilisha, na kipimo kikashuka kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya fosforasi hutoka kwenye damu, utumbo na vipande vya samaki vyenyewe, navyo hakuna wa kuvibadilisha.

Njia ya pili ilikuwa shabu, ile ile ambayo watu huitumia nyumbani kutulizia maji ya tope ndani ya ndoo. Alumini iliyomo hushikana na fosfeti, ikawa chembe zisizoyeyuka zinazozama pamoja na tope. Kwa hesabu ya vitabuni, kilo moja ya fosforasi huhitaji chini kidogo ya kilo moja ya alumini, lakini shabu ina alumini takriban asilimia 9 tu ya uzito wake, na nyingine huishia kushikana na vitu visivyohusika, hivyo nililazimika kutia karibu maradufu ya hesabu. Mtambo wetu hupokea lita 300,000 kwa siku, na kushusha miligramu 14 hadi 4 kulikula karibu kilo 60 kila siku, yaani zaidi ya mfuko mzima wa kilo 50. Mhasibu hakufurahi. Nami pia sikufurahi, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana nguvu kubwa ya kuhimili tindikali, na shabu ni kitu cha tindikali. Ndani ya wiki mbili pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ya tangi la hewa, yaani tangi tunalolipulizia hewa, ilianguka chini ya 6, na bakteria wanaokula uchafu wakaanza kudhoofika. Nilikuwa ninaponya kidole huku ninaumiza mkono.

Ndipo nilipoamua kuwapa bakteria kazi hiyo kwanza na kuiacha shabu imalizie. Wapo bakteria ambao, wakipitishwa kwanza mahali pasipo na oksijeni kisha wakapelekwa penye hewa nyingi, hujijaza fosforasi kupita mahitaji yao. Tulijenga ukuta wa tofali ndani ya tangi la hewa, tukaitenga sehemu ya mwanzo, tukafunga mabomba yake ya hewa na kuweka pampu ndogo ya kuzungusha ili tope, yaani bakteria pamoja na uchafu walioushika, lisitulie chini. Chakula cha bakteria hao ni asidi nyepesi zinazopatikana katika uchafu uliochacha, na kwa bahati njema damu ya samaki inayolala usiku kucha katika tangi la kupokelea huchacha bila kuombwa.

Siku ya kwanza kupima chumba hicho nilidhani nimeharibu kila kitu, maana fosfeti ilikuwa imepanda karibu maradufu ya ile iliyoingia. Baada ya kusoma tena nilielewa kwamba ndivyo inavyotakiwa: pasipo hewa, bakteria huivunja akiba yao ya fosforasi ili wapate nguvu ya kuvuta asidi na kuihifadhi mwilini, kisha wakifika penye hewa huichoma akiba hiyo ya chakula na kuivuta tena fosforasi nyingi kuliko ile waliyoitoa. Chumba cha kwanza kisipopandisha, cha pili hakishushi.

Hata hivyo hakikushusha vya kutosha. Tope linalorudishwa kutoka tangi la kutulizia lilikuwa limebeba nitrati, yaani nitrojeni iliyoungana na oksijeni, na penye nitrati bakteria wengine huitumia badala ya hewa, wakazila zile asidi kabla ya wale tunaowataka. Tukapunguza upulizaji hadi oksijeni ikawa miligramu 2 kwa lita, na tope likakaa kwanza katika tangi dogo lisilo na hewa, nitrati ikaisha humo. Kisha kulikuwa na joto. Maji yetu hufika nyuzi 27 au 28, na katika joto hilo hustawi bakteria wengine wanaokula asidi zile zile bila kubeba fosforasi yoyote, hasa pH ikiwa chini. Tulipandisha pH hadi 7.5 kwa chokaa, tukaondoa tope mapema zaidi ili lisizeeke, na taratibu wale wapangaji wasiolipa kodi wakapungua.

Lililobaki liligunduliwa na mzee anayeendesha mtambo zamu ya asubuhi. Jumatatu moja nilipomwamkia, aliitikia marahaba kisha akasema, "Injinia, kila Jumatatu tope huamka." Alinipeleka hadi tangi la kutulizia na kunionyesha mabonge meusi, makubwa kama viganja, yakipanda na viputo vidogo, yanapasuka juu na kuacha utando. Jumapili kiwanda hakikati samaki, pampu ya kurudisha tope ilikuwa ikizimwa ili kuokoa umeme, na tope lililolala bila hewa lilikuwa likiitapika fosforasi yote tuliyohangaika kuipakia wiki nzima. Nilikuwa nimechukua sampuli Jumatano na Ijumaa tu, kwa hiyo nisingeliona kamwe. Tangu hapo pampu haizimwi, na tope la ziada hutolewa kila siku, Jumapili ikiwamo, kwa kuwa fosforasi haiyeyukii hewani na haina mlango mwingine wa kutokea.

Baada ya miezi minne bakteria peke yao walikuwa wakifika miligramu 7, na hapo ndipo niliporudi kwenye shabu kwa adabu zaidi. Ili kupata dozi inayotosha, napanga bika (glasi za maabara) sita za lita moja zenye maji ya mtambo, natia kila moja kiasi tofauti cha shabu iliyoyeyushwa gramu 10 kwa lita, ambapo kila mililita ni miligramu 10. Nakoroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika ishirini, naacha zitulie nusu saa, kisha napima kila bika. Dozi hudondokea pale maji yanapoanguka kwenye mfereji kabla ya tangi la kutulizia, maana mporomoko ule huchanganya vizuri kuliko kifaa chochote tulichowahi kununua. Sasa tunatumia kilo 17 au 18 kwa siku, na maji hutoka na miligramu 3 hadi 4.

Vitanda vya kukaushia tope bado vinanisumbua. Maji yanayochuruzika kutoka humo yana fosforasi nyingi na hurudi mwanzoni mwa mtambo, kwa hiyo nimeyawekea pipa lake na dozi yake ya shabu. Wakati wa masika vitanda havikauki, pipa hujaa kabla ya saa sita mchana, na mzee hulazimika kulihudumia mara mbili kwa zamu.