Waandishi Ambao Hawakwenda Bethlehemu

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili nimekuwa nikirudia mistari michache ya sura ya pili ya Injili ya Mathayo. Mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mashariki, wamefika Yerusalemu wakiuliza yuko wapi mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Mfalme Herode anafadhaika, na Yerusalemu yote pamoja naye, kisha wakuu wa makuhani na waandishi, yaani walimu wa Sheria, wanakusanywa waseme Kristo azaliwa wapi. Wanajibu kwamba ni Bethlehemu ya Uyahudi, na kuthibitisha jibu lao kwa maneno ya nabii Mika. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilomita zipatazo 9, mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu, lakini Mathayo hataji hata mmoja wa wajuzi hao aliyeondoka kwenda kuona. Waliokwenda ni wageni waliotoka mbali, watu ambao hawakulelewa katika Maandiko hayo.

Hata hivyo, elimu ya waandishi hao haikuwa bure. Nyota iliwaleta Mamajusi hadi Yerusalemu, lakini jina la mji walilipata katika Maandiko, tena kwa vinywa vya watu hao hao wasiokwenda. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na ndugu wanaosema kwamba mafundisho hayana umuhimu, na kwamba yatosha kumpenda Yesu. Yesu yupi, na tutamtafuta wapi? Ninachokihofia ni jambo jingine, nalo ni kudhani kwamba mtu akiisha kutoa jibu sahihi, basi amekwisha kufika.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa, kwa maana kuamini kwamba jambo fulani ni kweli si sawa na kumwamini mtu. Naweza kuamini kwamba daktari fulani ni bingwa wa upasuaji, nikawasimulia wengine sifa zake, na bado nikakataa anipasue. Kumwamini kunaanza pale ninapokubali kulala chini ya kisu chake. Tena neno imani na neno amana yanatoka katika asili moja. Mtume Paulo, akiwa mfungwa, alimwandikia Timotheo: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Kusadiki kumo katika sentensi hiyo, wala Paulo hakukudharau, lakini kumesimama juu ya kumjua Yeye aliyekabidhiwa amana.

Yakobo anasema jambo hilo kwa ukali zaidi: "Mashetani nao waamini na kutetemeka." Katika Injili ya Marko, muda mrefu kabla Petro hajakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, pepo mchafu katika sinagogi la Kapernaumu alikwisha kupaza sauti kwamba anamtambua Mtakatifu wa Mungu. Ukiri wake haukuwa na kosa hata moja, isipokuwa hakutaka kuwa na neno lolote na huyo aliyemkiri.

Namkumbuka pia John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, ambaye aliwekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1728 na baadaye kusafiri kwenda Georgia, koloni la Uingereza huko Amerika, kama mmisionari. Mwaka 1736, alipokwisha kufika huko, mchungaji wa kanisa la Kimoraviani aliyeitwa Spangenberg alimwuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua Yesu ni Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akasema yule mchungaji, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Wesley alijibu kwa maneno ambayo baadaye yeye mwenyewe alihofu kwamba yalikuwa matupu.

Swali hilo linanigusa mimi binafsi. Kwa miaka kadhaa nilifundisha darasa la ubatizo, nikaweza kueleza maongozi ya Mungu kipengele baada ya kipengele, na wanafunzi wangu wakafaulu. Kisha ukaja usiku nilipokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wangu, nikagundua kwamba nina mengi ya kusema juu ya Mungu na karibu sina la kumwambia Yeye mwenyewe. Nililia kwa sababu ya mgonjwa, na nililia kwa sababu hiyo pia.

Sala niliyoipata usiku ule ni ya yule baba wa kijana mwenye pepo katika sura ya tisa ya Marko: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwa kipimo cha darasa langu ni jibu lenye kasoro, kwa kuwa linajipinga lenyewe. Lakini baba huyo alikuwa amemleta mtoto wake, na maneno yale aliyasema akimkabili Yesu mwenyewe, wala hakungoja kwanza mashaka yake yaishe. Yesu hakumwambia arudi atakapokuwa na imani kamili. Alimkemea pepo, akamshika kijana mkono, akamwinua, naye akasimama.